Inchi za Mume wa Fundi

Kwa miaka tisa chakula cha usiku katika nyumba ile kilikuwa kinaingia kwa mlango wa mbele, kimefungwa kwenye mfuko. Mama wa nyumba alikuwa fundi wa nguo, tena fundi hasa, si hawa wa kukushonea suruali leo, kesho ukiinama unaaibika mbele ya wakwe. Akifunga cherehani saa kumi na mbili jioni mgongo unauma, macho yanaona mbilimbili, sasa nani aanze kumenya viazi? Kona ya pili kulikuwa na kibanda cha chipsi na kuku wa kukaanga, na mwenye kibanda, waliyempa jina la Bwana Mafuta, akimwona tu fundi anachomoza anaanza kumfungia kabla hajasalimiwa.

Watoto walikuwa wawili: binti wa miaka kumi na mitatu, mwenye mdomo, na kitinda mimba wa miaka sita aliyeitwa Kibonge kwa ajili ya mashavu yake. Wakisikia mfuko unachakarika walikuwa wanamkimbilia mama yao, huyu kashika sketi, huyu kashika mfuko, na fundi anajifanya kugomba eti wamwache avue viatu kwanza, huku moyo umemjaa pomoni. Mtu ameshinda anasikiliza wateja wakilalamika kwapa linabana, halafu anafika mahali anapokewa namna ile. Nani asingependa?

Basi ikaja siku mume wake akaenda kupimwa.

Mume alikuwa kinyozi, mtu mpole, mwenye tumbo lililotangulia mbele yake kila alikokwenda. Daktari alimwambia sukari imepanda, akampa vidonge, akamwambia vya kukaanga basi. Ale mboga za majani, maharagwe, samaki wa kuchemsha, wali kidogo, na kiuno kile cha inchi arobaini na tatu kishuke. Tena nyumba nzima ile hivyohivyo, maana mgonjwa akipikiwa peke yake atadokoa sahani za wenzake. Na kwa kuwa kinyozi alikuwa anafungua alfajiri kunyoa watu wanaowahi kazini, saa kumi jioni alikuwa amesharudi nyumbani. Kazi ya jiko ikamwangukia yeye.

Wiki ya kwanza ilikuwa vituko vitupu. Maharagwe yalikuwa magumu, kabichi imeungua upande mmoja na upande wa pili mbichi. Fundi alikula kimya, akacheka kimoyomoyo, akajiambia hizi ni mbio za sakafuni. Lakini wiki ikaisha, na mwezi ukaisha, na mwanamume akajua kupika! Akajua samaki atulie na ndimu kwa muda gani, akajua karoti ziingie lini na mchicha lini. Binti akawa anakata kitunguu chembamba kuliko uzi. Kibonge akapewa cheo cha kuchambua mchele, akawa anakagua punje mojamoja kama askari wa mpakani.

Sasa fundi akirudi jioni anafungua mlango mwenyewe. Sebuleni hakuna mtu. Anafuata sauti hadi jikoni, anakuta vichwa vitatu vimeinamia sufuria moja, na vyote vinacheka. Binti anasema shikamoo bila hata kugeuka. Fundi anauliza wanacheka nini, wanaambiana "ile ya karoti" na kuanza upya, na binti anamwambia, "Ungekuwepo ndiyo ungecheka, Mama."

Nisizunguke. Ulikuwa wivu. Si wivu wa mwanamke mwenzake, huo angeujulia dawa; mwanamke mwenzako unamsuta mchana kweupe na mambo yanaisha. Huu ulikuwa wivu wa kumwonea mume wake mwenyewe, mgonjwa, kwa sababu ya mchicha. Alijua ni aibu, na kwa kuwa alijua ni aibu hakumwambia mtu, ukabaki mle kifuani unamtafuna.

Jioni moja akashindwa, akapitia kwa Bwana Mafuta, akabeba mfuko kama zamani. Kufika, wenzake wameshakula. Kibonge akala kipande kimoja, akajifuta vidole kwenye shati, akasema maharagwe ya Baba ni matamu zaidi. Binti akasema chipsi zinanukia mafuta. Kinyozi, masikini, akamwambia mkewe asijali, kesho atamfunikia chakula chake. Fundi alikula ule mfuko wote peke yake, kasimama, kwa hasira, na usiku tumbo likamkomesha.

Kitu kimoja tu kilikuwa kimebaki mikononi mwake. Siku ile ya daktari kinyozi alikuwa amesema, "Sisi mizani hatuna, lakini tuna fundi." Wakakubaliana kila Jumapili ya kwanza ya mwezi wote wapange mstari sebuleni, fundi awapime kiuno kwa futi yake ya kazini, binti aandike kwenye daftari. Mwezi wa kwanza baba alitoka arobaini na tatu akaingia arobaini na mbili. Watoto walimshangilia, Kibonge akamng'ang'ania mguu, binti akasema Baba ni shujaa. Na aliyepima inchi hiyo, aliyepiga magoti sakafuni kuisoma, hakuna aliyemtazama.

Jumapili iliyofuata ya kupimana, futi ilisoma arobaini na nusu. Fundi aliiona vizuri. Macho ya watoto wote wawili yalikuwa juu ya baba yao, tayari kushangilia, na fundi akapitisha kidole gumba chini ya futi, akailegeza kidogo, akasema, "Arobaini na mbili. Palepale."

Chumba kizima kikapoa. Binti akaandika. Kinyozi akasema haidhuru, mwezi ujao. Na fundi, Mungu amsamehe, alijisikia nafuu kama mtu aliyevua kiatu kinachobana.

Lakini uongo wa kiuno si kama uongo mwingine, una shahidi: suruali. Kinyozi alikuwa na suruali tatu, zote kashonewa na mkewe, na hakuwa anavaa mkanda, maana fundi alishawahi kutangaza kwamba suruali inayohitaji mkanda imeshonwa vibaya. Miaka yote amekuwa akiziachia nyuma kadiri mume alivyonenepa, na sasa zingeanza kumvuka. Basi kila zikitoka kufuliwa fundi alizibeba kwenda nazo kazini eti kuzipiga pasi vizuri, akafumua mshono wa nyuma, akapunguza nusu inchi kila upande, akashona upya kwa uzi wa rangi ileile. Mkono wake ulikuwa safi sana. Kinyozi akivaa asubuhi anakuta suruali imemshika kiunoni barabara, anashusha pumzi, anakwenda kazini. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako nadhani walipita kwenye nyumba hii.

Mwezi wa tatu akasema arobaini na mbili na nusu. "Umeongezeka kidogo, baba watoto," akamwambia, na sauti akaifanya ya huruma. Alichokuwa anakingoja ni kinyozi akate tamaa, aseme jiko limemshinda, mambo yarudi yalivyokuwa. Alishapanga hata atakavyomfariji.

Kinyozi hakukata tamaa. Aliamua kosa ni lake. Akaendelea kupika kwa ajili ya wote, akawapakulia wote, na yeye akawa anakaa mezani na kikombe cha chai isiyo na sukari. Watoto wakiuliza anasema ameonja sana jikoni, ameshiba. Vidonge vyake alimeza kama alivyoagizwa, asubuhi na jioni, tumbo tupu. Fundi alimwona. Aliona shingo ya shati inamlegea, aliona usiku anageuka huku na huku. Siku mbili tatu alifungua mdomo aseme, lakini aseme nini? Aanzie wapi? Kila wiki aliyonyamaza ilifanya ya kusema yawe mazito zaidi. Akanyamaza, akapunguza nusu inchi nyingine.

Wiki ya tatu ya njaa ile, kinyozi alikuwa anamnyoa ndevu mteja wake mmoja, mwalimu mstaafu, wembe uko shingoni. Mkono ukaanza kutetemeka. Akapata akili ya kuuweka wembe mezani kwanza, ndipo akaanguka. Mwalimu mstaafu ndiye aliyempeleka zahanati, nusu ya kidevu ina povu.

Fundi alipoletewa habari aliacha cherehani inazunguka yenyewe. Alipofika zahanati akaambiwa mgonjwa amepewa kitu kitamu, ameamka, ameruhusiwa, ameshakwenda nyumbani. Njia nzima alikuwa anaomba dua zisizo na mpangilio, na katikati ya dua anajitukana.

Alimkuta chumbani, amekaa kitandani na kikoi kiunoni. Suruali ilikuwa mapajani mwake, ameigeuza ndani nje. Watoto walikuwa jikoni wanapika wenyewe. Kelele za vijiko zilisikika.

"Muuguzi amenipima kiuno," kinyozi akasema. "Ni thelathini na nane. Sukari imeshuka sana. Daktari amenigombeza kwa kukaa na njaa, kapunguza vidonge, kasema nilikuwa nimefanya vizuri tangu mwanzo."

Kinyozi akapitisha kidole kwenye mshono wa nyuma, taratibu, pale vitundu vya sindano ya zamani vilipopangana mstari baada ya mstari. Alikuwa mtu wa mikasi na nywele, cherehani haijui, lakini kuhesabu mistari hakuhitaji ufundi.

"Hii imepunguzwa mara nne," akasema. "Kwa nini?"

Angeweza kudanganya. Alikuwa na uongo wa namna mbili tatu tayari, wa kitambaa kulegea, wa futi kuukuu. Akamtazama mumewe alivyokonda uso, ukweli ukamtoka.

"Nilikuonea wivu," akasema. "Wewe na watoto na lile sufuria lenu. Nilikuwa nikirudi naona nimeingia nyumba ya watu."

Kinyozi aliikunja suruali, akaifunua, akaikunja tena. Pengine alikuwa anatafuta pa kuchekea, kwa sababu alikuwa mtu wa kucheka. Hakupaona.

"Ungeniambia ningekupa kisu ukate mboga," akasema. "Nimelala na njaa wiki tatu, mama watoto. Na wewe ulikuwa unaniona."

Fundi akalia. Akaomba radhi kwa magoti, kwa maneno yote aliyokuwa nayo. Kinyozi akamwinua, akasema yameisha, waende wakale watoto wasije wakaogopa. Na kweli hakuwaambia watoto, si siku ile wala siku nyingine. Kuanzia kesho yake fundi alifunga cherehani saa kumi, akawa naye jikoni anakata mboga, na ile ya karoti akasimuliwa yote, wala haikuwa inachekesha kiasi hicho. Alipakuliwa sahani iliyojaa kama wengine. Mume hakumnunia hata siku moja.

Ila Jumapili ya kwanza ya mwezi ilipofika na fundi akatoa futi, kinyozi alimwambia kwa upole asijisumbue, zahanati watampima. Akawapima watoto tu. Na suruali zile tatu hakuzivaa tena.

Alitokea na mpya, ya kijivu. Fundi aliiona mgongoni mwake asubuhi anatoka, ikamchoma kama pasi. Hakuuliza. Mchana akajipa safari ya uongo kupita mtaa wa kinyozi, na ng'ambo ya barabara, mkabala na kiti cha kinyozi, akakuta dada mmoja kijana, fundi wa nguo, na cherehani ya umeme, na juu ya meza yake kitambaa kilekile cha kijivu kinaendelea kukatwa. Kwa hiyo mikono ya huyu ndiyo iliyozunguka kiuno cha mumewe. Alimkagua msichana toka juu hadi chini, akakagua na mshono: ulikuwa mzuri, hakupata pa kuukosoa. Angeweza kugeuza arudi zake. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo kila mtu wa karibu na kinyozi alilijua isipokuwa yeye, na lilikuwa linamnyima usingizi.

"Mdogo wangu," akasema, "suruali ya kinyozi hapo mbele, kiuno ulipima inchi ngapi?"

Yule dada akaitazama futi ambayo mwenzake aliisahau shingoni. "Kinyozi si mumeo, dada?"

"Ni mume wangu."

Msichana aliona haya badala yake, akajitia kutafuta kwenye daftari ukurasa ambao bila shaka alishaukumbuka. "Thelathini na sita," akasema. "Na mwenyewe alifurahi sana."

Fundi akashukuru, akaondoka. Alifurahi kwamba mume anapona, akamchukia yule msichana, vyote kwa pamoja, hadi akafika nyumbani.

Jioni walikula samaki. Kibonge alikuwa analamba vidole, kinyozi anaongeza mboga kwenye sahani ya mkewe, binti ndiye aliyeuliza, kwa mdomo wake ule usiojua kukaa, mbona siku hizi Mama hampimi Baba. Kinyozi akashika upawa hewani, akasubiri, na fundi alijua anamwachia yeye ajibu.

"Baba yako ana fundi wake," akasema.

Kinyozi akammiminia mkewe mchuzi, wala hakukanusha.