Mzee wa Vyungu na Baba Yangu

Mzee huyo nilimtunga mwenyewe, mezani kwangu, katika nyumba niliyopanga Moshi mjini. Kwenye riwaya yangu ya kwanza alikuwa bingwa wa bonsai, mtu anayelea miti ndani ya vyungu hadi izeeke bila kupita kimo cha goti. Nilimpa upole na subira. Sikujua ningekuja kumchukia.

Kosa langu lilikuwa kumpelekea baba nakala. Baba amelima kahawa kihambani kwetu, shamba la ukoo juu mlimani, maisha yake yote, na sikuwahi kumwona akisoma chochote zaidi ya Biblia. Jumapili moja baada ya ibada nilipanda nyumbani, nikamwamkia. Aliitikia, kisha akauliza, "Huyu mzee, mke wake alikufa lini?"

"Sijaandika, Baba."

"Lakini unajua."

Sikujua. Nikabuni palepale, naye akasikitika kuliko alivyosikitika siku nilipoachika.

Mwezi huo alichukua mche wa kahawa, akaupanda kwenye sufuria kuukuu aliyoitoboa kwa msumari, akaukunja kwa waya. Nilipotaka kuumwagilia, alinizuia.

"Mzee anasema uguse udongo kwanza."

"Ni mimi niliyesema hivyo."

"Wewe uliandika tu."

Baba hakuwahi kunisifu, hata nilipofaulu, hata nilipoanza kufundisha. Lakini mtu huyu asiyekuwepo, Baba alimsifu mbele ya majirani, akisema ana mkono wa kupogoa. Na mkono ule nilikuwa nimeuiba kwa Baba mwenyewe. Utotoni nilikuwa nakaa chini ya migomba asubuhi nzima nikimtazama akipogoa kahawa, naye hageuki wala hasemi neno.

Basi katika kitabu cha pili nikamuua mzee. Homa, kurasa mbili, kwisha. Niliziandika kwa furaha ambayo naionea aibu mpaka leo, nikampelekea baba mswada.

Nilimkuta barazani, karatasi ziko magotini.

"Umemmaliza haraka," alisema. "Amekukosea nini?"

"Unampenda kuliko mimi."

Maneno yalinitoka kama ya mtoto, nami nina miaka arobaini na sita. Nikamwambia na lile jingine, kwamba mikono ile ilikuwa yake, mzee mzima nilimchonga kutoka kwake.

Baba alivua miwani. "Mikono, sawa. Lakini yule anaongea na watoto wake. Hilo hukulitoa kwangu. Nilipokuwa nasoma nilijiuliza umempata wapi baba wa namna hiyo. Nilimwonea wivu."

Nilivuta kigoda nikakaa karibu naye, na kwa Jumapili nne tuliandika upya kifo kile, yeye akieleza jinsi mtu mzima anavyoaga shamba lake, mimi nikiandika. Sasa mzee anakufa taratibu, sura nzima.

Wivu haujaniisha. Wiki iliyopita mgeni alimuuliza baba kitabu kinahusu nini. Alimweleza habari za mzee kwa muda mrefu, macho yakimng'aa, hadi chai ikapoa. Mimi ndiye niliyeimimina ile chai. Hakukumbuka kusema kwamba mwandishi amesimama hapo, ameshika birika.