Mkwe Wangu Mzika Nyuzi

Mke wa mwanangu wa mwisho tunamwita Mama Nyuzi, ingawa mtoto bado hajapata. Jina lilimganda tangu alipoingia hapa nyumbani na begi moja la nguo na maboksi ya nyuzi mpaka mlangoni. Anafanya kazi maabara ya chuo, wanakotengeneza nyuzi za plastiki ya kuoza, ili nguo na nyavu zikichakaa zisikae ardhini mpaka kiama. Mimi niliishia darasa la saba, lakini alinieleza jikoni tukimenya viazi, nikaelewa kuliko mumewe.

"Mama, kukatika si kuoza," aliniambia. "Plastiki ya kawaida hukatikakatika ikawa chembe ndogo, huzioni, lakini zipo. Yangu nataka vijidudu vya udongoni viile, iishe kabisa."

"Na visipoila?"

"Basi nimefuma miaka yote bure, na meza yangu ya maabara atapewa mwingine."

Ndiyo maana nikampa kipande cha bustani yangu. Alifuma vitambaa kama leso, akavitia kwenye vifuko vya wavu, akavifukia mistari miwili. Mvua zikaja, zikapita.

Sasa, mume wangu ni fundi cherehani mstaafu. Mikono imestaafu, macho bado: akiona mtu barabarani kafumuka mshono, hukosa raha kutwa. Siku moja mkwe yuko kazini, mzee akaenda kupanda vitunguu, jembe likainua kifuko. Akafungua, akakuta kitambaa kina matundu. Cha pili, vilevile. Akachimbua mstari mzima, akaviosha, akakaa barazani na sindano. Mstari wa pili ulipona kwa sababu mgongo ulimuuma.

Mkwe aliporudi alivikuta kwenye kamba, kila tundu limezibwa kwa mshono ule ule ulionifanya mimi nikubali kuolewa.

"Mwanangu, wadudu walikuharibia kazi," mzee akasema, kifua mbele. "Nimekuokoa. Nimetia uzi wa nailoni, huo hauozi ng'o."

Binti akakaa chini kwenye saruji. Nilidhani analia, kumbe anacheka, halafu nikaona ni yote mawili.

"Baba, nilitaka vitoboke."

"Nani duniani anataka kitambaa kitoboke?"

"Mimi na mwalimu wangu wa chuo. Tuko wawili tu."

Mzee akanigeukia mimi, kana kwamba ndimi niliyemleta.

Jioni mwanangu akamshauri mkewe afumue nailoni, anyamaze. Akakataa. "Vimeoshwa kwa sabuni, vimevutwa na sindano. Nikivipima nitakuwa napima mkono wa baba." Akampigia mwalimu simu hapo hapo, akasema yote. Mwalimu akamjibu atupe vile vilivyoshonwa. Mstari uliobaki ukitoa jibu, sawa; usipotoa, ndiyo basi.

Asubuhi wakauchimbua, mzee akishika beseni, kapigwa marufuku kugusa. Vya plastiki ya kawaida, alivyozika mkwe ili alinganishe, vilitoka vizima kama vilivyoingia. Vyake vilibaki mfano wa utando wa buibui. Akachota na udongo wake, akaupime kama una chembe zilizojificha.

Wiki nzima hakula vizuri. Kisha jioni moja akaingia anatabasamu, akaja moja kwa moja mezani alipokuwa mzee.

"Baba, palipotoboka pameliwa kweli. Hata chembe haikubaki. Meza bado yangu."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna."

Mzee akaweka kijiko chini, akamshika mkono.

"Pole sana, mwanangu."