Mipira ya Mwanga Uani Kwetu

Mwaka ule mama mkwe wangu alipoanguka mlangoni mwa jiko, mume wangu alirudi kutoka Songea na boksi dogo lenye kamera. Aliipachika mwenyewe juu ya baraza, ikitazama ua wote: mlango wa jiko, bomba la maji, na vichanja viwili vya kuanikia kahawa. Yeye alifanya kazi Songea na kuja Mbinga Ijumaa jioni. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naondoka asubuhi na mapema, narudi saa tisa. Mama alikuwa anabaki peke yake.

"Sasa utamwona kwenye simu hata ukiwa shuleni," aliniambia.

Sikumjibu kwamba hata nikiwa naye chumba kimoja, sikuwa namwona vizuri.

Tulikuwa tumempandisha kutoka Mbaha, kando ya ziwa, baada ya kumzika baba mkwe. Alikuwa amekaa nasi karibu mwaka mzima. Yeye ni Mnyasa, mimi ni Mmatengo, na lugha pekee tuliyoweza kukutana kwayo ni Kiswahili. Chake alikiokota sokoni na kanisani, changu nimekitoa ubaoni. Ilikuwa kama kukaa kwenye kiti cha kuazima: unakaa, lakini hujinyooshi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Nikamuuliza ameamkaje, akasema anashukuru Mungu. Nikasema chai iko tayari. Basi. Siku ikapita. Alivaa koti zito la mwanawe hata mchana, akakaa karibu na moto, na nilipopika samaki wakavu alimgeuza mmoja kwa kidole, akamrudisha sahanini, akala ugali na maharage.

Ilipofika Juni baridi ikashuka, ile ya kwetu ambayo ukungu wake unaingia mpaka ndani ya nyumba kama mgeni asiyepiga hodi. Asubuhi moja, nikiwa nafunga kilemba, nilifungua simu kuangalia kama mbuzi wa jirani hawajaivamia kahawa. Kamera ilikuwa imehifadhi vipande vya alfajiri, saa kumi na moja. Nikabonyeza.

Ua wetu ulikuwa wa kijivu, kama ua wa nyumba nyingine niliyowahi kuiota. Halafu ukatokea mpira. Mweupe, mkubwa kama chungwa, unapenyeka kwa macho, na ukingoni una duara jembamba. Ulipanda kutoka kwenye kichanja polepole, ukasimama hewani kana kwamba umesahau jambo, kisha ukateleza kuelekea jikoni. Ukafuata mwingine. Kisha mitatu kwa pamoja, ikipishana bila kugongana, kama watu waliozoeana. Hapakuwa na sauti. Nilitazama mpaka chai ikafurika jikoni.

Nilitoka nje. Ukungu, bomba linadondoka, kahawa chini ya turubai. Hapakuwa na kingine. Nikapiga ishara ya msalaba, nikaenda kazini.

Mume wangu nilipomweleza kwa simu alicheka. Nilipomtumia kile kipande aliuliza, "Mama ameona?"

"Bado."

"Usimwonyeshe. Na usimwonyeshe mtu."

Lakini nilikuwa nimeshamwonyesha mtu. Ofisini kwa walimu nilikaa meza moja na mwalimu mwenzangu, mwanamke mcheshi niliyeanza naye kazi. Alitazama mara mbili. Nilitegemea atatania. Akanirudishia simu, akasema kwa sauti ya chini, "Na yule bibi yenu wa ziwani, huwa anaamka saa ngapi?"

Kila mtu anayeishi huku anajua swali kama lile linaelekea wapi. Bibi mgeni, mjane, macho mekundu kwa moshi, haongei na majirani kwa sababu hajui lugha yao. Nimeshaona neno dogo likitoka kwenye meza ya chai na kufika kilabuni jioni likiwa limeota meno. Nilimwambia mwenzangu ni vumbi tu, ingawa sikujua kama ni vumbi.

Na hapa lazima niseme ukweli, maana bila huo sina haja ya kuandika. Jioni ile nilipoingia nyumbani na kumkuta mama ameinama mbele ya moto, nilimtazama kwa jicho la yule mwalimu. Nilihesabu anavyopumua. Nilipompelekea maji ya kunawa niliweka beseni mbali kidogo, akalazimika kujivuta. Siku nne nilikaa hivyo. Usingizini niliona mipira ile ikiingia kwa dirisha na kukaa kwenye ukingo wa kitanda, myepesi, haina ubaya wowote, nami ndiye niliyeshika fagio.

Siku ya tano niliamka alfajiri na kufungua simu nikiwa bado kitandani, kutazama ua kama ulivyo wakati uleule. Mipira ilikuwepo, mingi kuliko siku zote. Katikati yake alisimama mama mkwe wangu, amevaa lile koti, amegeukia bondeni. Mpira mmoja ulipita karibu na shavu lake. Midomo yake ilikuwa inacheza.

Nilifungua mlango wa nyuma, nikatoka. Kwa macho yangu, mipira haikuwepo. Alikuwepo yeye tu, na ukungu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Unaongea na nani, mama?"

"Nahesabu."

"Unahesabu nini?"

Alinyoosha mkono. Bonde lote chini ya nyumba yetu lilikuwa limejaa ukungu, umelala sawasawa, mweupe, mpaka ng'ambo. Na ng'ambo, kwenye kilima cha pili, watu walikuwa wanaamka. Taa moja, taa ya pili, moto wa jikoni. Zilionekana juu ya ukungu kama zinaelea. Nimezaliwa kwenye milima hii, nimelima ngoro, yale mashimo yetu ya mlimani, na mama yangu tangu nikiwa mdogo, na sikuwahi kuliona bonde lile kama maji mpaka asubuhi ile.

"Kwetu," alisema, "wanaume wakienda kuvua usipa, dagaa wetu wa ziwani, kwa taa za karabai, wanawake tunakaa ufukweni tunahesabu taa. Ukiolewa tu, mama mkwe anakufundisha. Unajua mitumbwi mingapi imetoka, unahesabu mpaka zitimie, ndipo unaingia ndani. Nimehesabu miaka mingi mno. Huku nikiamka, mwili wenyewe unanitoa nje."

"Na zisipotimia?"

"Unahesabu tena. Humwambii jirani. Labda amekosea yeye, labda umekosea wewe."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote niliyowahi kuyasikia kwake kwa mwaka mzima. Tulikaa kwenye ngazi za mlango wa nyuma. Nilitoa simu mfukoni, nikamwonyesha kile kipande cha dakika chache zilizopita. Aliisogeza mbali, akaileta karibu.

"Huyu mzee ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Mimi!" Akacheka, mkono mdomoni. Aliangalia tena mgongo wake, jinsi ulivyopinda. "Kumbe nimefika huku." Kisha ndipo akaiona ile mipira. Aliitazama, kichwa kikiifuata kulia na kushoto. "Na taa hizi?"

"Sijui. Watu wameanza kuuliza." "Mama, mimi mwenyewe nilikuogopa."

"Siku ngapi?"

"Nne."

Alifikiri. "Ni chache," akasema, akanirudishia simu. "Nenda kaandae chai, mwanangu, utachelewa shule."

Jumamosi mume wangu akamleta fundi, baba wa makamo, mnene, aliyeanza kwa kutengeneza redio. Alimwamkia mama, akaomba ngazi na kitambaa, akafuta utando wa buibui kwenye kioo cha kamera. Halafu akaichukua ile kamera mpaka ndani ya stoo, akafunga mlango kuwe giza, akatuita. Alipiga gunia tupu la kahawa kwa kofi mbele ya kioo. Kwenye simu yangu mipira ikalipuka kama kuku waliotawanywa.

"Kamera inawasha taa yake gizani, taa ambayo macho yetu hayaioni," alieleza. "Chembe ya vumbi, tone la ukungu, kijidudu, kikipita karibu sana na kioo kinapigwa na ile taa, kinavimba, kinakuwa duara. Kipo sentimita mbili, wewe unadhani kipo uani."

Mimi nilirekodi lile gunia, na Jumatatu nilimwonyesha mwalimu mwenzangu mbele ya wote ofisini, nikarudia maneno ya fundi kama ninavyorudia somo kwa darasa la tatu. Walicheka, naye akacheka, na neno likafa hapohapo. Mimi na yeye hatukurudi kuwa kama zamani.

Kabla fundi hajaondoka nilimwonyesha kipande kimoja zaidi. Mpira mmoja, mdogo, wa chini, ulipita uani na kufichwa na nguzo ya kichanja, kisha ukatokea upande wa pili. Vumbi la kwenye kioo lingepita mbele ya nguzo. Alikitazama mara tatu, akajikuna shingo.

"Hii sijui," alisema.

Mama alikuwa mlangoni. "Hiyo moja niachieni," akasema, akaingia jikoni.

Kuanzia hapo nilianza kuamka mapema kidogo. Tulikaa ngazini na vikombe, tukahesabu, yeye kwa lugha yake na mimi kwa yangu, na mara nyingi hatukupata jibu moja. Likizo ilipofika tukakubaliana, mimi na mume wangu, kwamba tumrudishe Mbaha kwa mdogo wake wa kike. Tuliona ndiyo haki. Mume wangu aliazima gari. Tuliteremka milima, hewa ikawa nzito na ya moto, mama akavua koti, akavua sweta, akafungua kioo akatoa mkono nje.

Kule alikuwa mtu mwingine. Kinyasa kilimtoka kwa kasi kama maji ya mferejini, wanawake walicheka kila alipofungua mdomo, naye alikula usipa wabichi wa kukaanga mpaka akalamba vidole. Siku tatu ilikuwa zamu yangu kukaa kwenye mkeka nikitabasamu bila kuelewa, nikiulizwa nimeamkaje na kusema nashukuru Mungu. Jioni tulikwenda ufukweni kutazama mitumbwi ikitoka. Karabai zimekwisha siku hizi, ni taa za sola, nyeupe, zinachoma macho. Alianza kuhesabu, akapotea, akaanza upya, akaacha. Maji yalikuwa meusi, na taa zilitawanyika mpaka pale ambapo huwezi kujua kama ni taa au nyota. Nilikuwa nimeshika kanga yake kwa ncha, kama mtoto, na sikujua nimeishika tangu saa ngapi.

Asubuhi ya kuondoka nilimtafuta nimuage, nikamkuta ndani ya gari, siti ya nyuma, mfuko wake mapajani, koti limekunjwa juu yake.

"Mama, si tulisema unabaki?"

"Mlisema nyie."

"Lakini hapa una ndugu zako. Una ziwa lako."

"Nimeliona, lipo." Aliwapungia wanawake waliokuwa wanakuja na beseni la mihogo. Kisha akasema taratibu, kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Hapa wote wananijua. Kila nikianza kusimulia wananimalizia. Ingia, mwanangu."

Niliingia. Tulipoanza kupanda milima masikio yaliziba, akaniegemea, akaanza kunisimulia habari za msichana wa zamani wa Mbaha aliyekataa wachumba watatu kwa sababu ya meno yao. Gari lilikuwa linanguruma na sikusikia sehemu kubwa. Nilimwomba aanze upya. Akaanza upya.