Nimeachwa kwa Lita Tisa za Petroli

Admin, naomba jina langu ulifiche, ingawa watu wa Shella hapa Malindi wakisoma watanijua tu. Nina miaka thelathini na sita, mama wa watoto watatu, na niko ndani ya eda. Nimepewa talaka ya tatu. Sikuachwa kwa uzinzi wala uchawi, nimeachwa kwa petroli.

Mume wangu nitamwita Baba Nasri, si jina lake. Tumeishi miaka kumi na minne. Talaka mbili zilikwisha kutoka huko nyuma, ya kwanza tukiwa bado wageni wa ndoa, ya pili kwa sababu ya mdomo wangu, na mara zote mbili alinirejea kabla eda haijaisha. Kwa hiyo tulibakiwa na moja, na mimi nilijua vizuri kwamba tumebakiwa na moja. Mnaponihukumu, likumbukeni hilo.

Mwaka jana aliuza sehemu yake ya minazi ya urithi kule Takaungu, akanunua gari la kubebea wageni wa hoteli. Gari refu la watu saba, haibridi, lile linalotumia petroli na betri, tena lenye umri wake. Muuzaji alimwambia lita moja litakwenda kilomita ishirini. Neno hilo nililishika mimi kuliko yeye. Kila jirani aliyepita barazani nilimwambia gari letu halinywi, linaonja tu. Mashoga zangu wakanicheka, wakasema basi mwaka huu tutaoga petroli.

Hesabu naijua, nafundisha shule ya msingi. Malindi hadi Kilifi na kurudi ni kama kilomita mia na ishirini, yaani lita sita. Lakini nikifua mashati yake nakuta risiti mfukoni, lita kumi na tano kwa safari hiyo hiyo moja. Nikatoa sita kwenye kumi na tano. Hizo tisa zinakwenda kwa nani? Nikazipigia hesabu, nikaona zinamtosha mtu kutoka Kilifi ashuke Mombasa, azunguke na arudi. Hapo nikamuumba mwanamke. Nikampa nyumba na mtaa, mpaka umbo nikampa, astaghfirullah.

Nilipomuuliza alisema gari ndivyo linavyokula. Nikamwambia basi alipeleke kwa fundi, hakutaka. Sasa naelewa. Aliuza minazi ya babake kwa ajili ya gari lile, na mimi nilishalisifu mtaa mzima, aibu ilimfunga. Wakati ule nilimwona mtu mwenye la kuficha.

Ijumaa moja baada ya swala, mama mkwe akiwa kwetu kwa chakula, niliingia chumbani nikatoka na msahafu. Nikamtaka mume wangu ale yamini kwamba hana mwanamke Mombasa. Mama mkwe alinisihi nikirudishe Kitabu mahali pake, akanambia haya si mambo ya kuapiwa. Sikumsikiliza. Baba Nasri akaisogeza sahani kando, mkono wake bado una wali.

"Mama Nasri," akasema, "miaka kumi na minne, leo wataka niape kwa Mungu kwa habari ya petroli. Hata nikiapa hutoniamini. Basi nimekuacha, na hii ni ya tatu."

Alasiri ile ile akaenda kwao Takaungu. Akaniachia nyumba nikae eda, na gari akaliacha la kuwapeleka watoto shule.

Wiki ya tatu mama yangu akaugua, kaka yangu akampeleka hospitali Kilifi kwa gari lile. Nilimwambia ajaze tangi pomoni asubuhi, na akirudi ajaze tena. Hata hapo, wallahi, nilikuwa natafuta ushahidi wangu. Alirudi akanipa risiti. Lita kumi na tano na ushee, na hakupita popote ila hospitali.

Fundi akalifungua. Akasema betri kubwa ilikufa zamani, injini inavuta peke yake na betri yenyewe inaibeba kama mzigo. Akaongeza kwamba hata ingekuwa nzima, gari la umri ule, watu saba, mizigo juu na kiyoyozi kutwa, kilomita ishirini ni za mdomo wa muuzaji. Kwa hiyo hakukuwa na lita tisa za kuulizwa, wala mwanamke wa Mombasa.

Nilimpigia simu nikalia mpaka sauti ikakauka. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nimekusamehe tangu siku ile," akanambia. "Lakini sina tena pa kurejea."

Na yeye alikuwa analia, nilimsikia.

Kaka alikwenda kwa shekhe. Jibu ni kwamba simhalalikii mpaka niolewe na mume mwingine, ndoa ya kweli, na huyo aniache mwenyewe au afe. Wifi zangu wananong'ona kuna mzee atakubali kunioa na kuniacha upesi. Shekhe amesema ndoa ya mpango ni haramu na haitanirudisha popote. Wanasema majuto ni mjukuu. Huyu wangu analala nami chumba kimoja.

Jumamosi Baba Nasri huja kuwachukua watoto. Husimama nje ya mlango, na mdogo huniuliza kwa nini baba haingii. Eda inakwisha mwezi huu. Ndugu zangu, msiniambie nisubiri, kusubiri nakujua. Nishaurini, nitatokaje kwenye nyumba ya mtu ambaye bado nampenda, na ambaye hakunidanganya hata siku moja?