Vishada vya Shali

Dobi wetu hapa hotelini Doha, Mganda wa upande wa Mbale, kabla ya kupiga pasi, kila kola huipapasa kwanza kwa vidole. Kila wiki hubadilishana zamu nasi ili Jumamosi asiingie kazini. Hatumuulizi, kila mtu hapa ana yake. Juzi mgeni Myahudi, aliyekuja kwenye mkutano wa dini mbalimbali, alileta shali yake ya sala ifuliwe. Pembe zake nne zina vishada vya nyuzi. Velma, mwenzetu mpya, alidhani imefumuka, akachukua mkasi. Dobi akamdaka mkono.

“Usikate, dada. Hivi vinamkumbusha mtu amri za Mungu. Kwetu kimoja hukatwa akishafariki, tunapomzika na shali yake.”

Akavinyoosha taratibu, kimoja kimoja.

“Cha baba nilikikata mimi.”