Mchanga Alioangukia Babu

Jirani ameanza kujenga. Leo lori limemwaga mchanga wa mto mbele ya geti, na harufu yake mbichi imenifuata hadi jikoni.

Nilikuwa mdogo siku lori kama hilo lilipomwaga mchanga kwetu Kitengela. Babu alikuwa amekuja na Nyanya kututembelea kutoka Bisil. Nyumbani kila mtu alijua kwamba ujanani Babu alipelekwa ng'ambo, kwenye mashindano ya mataifa, kuruka juu. Walipenda kusimulia jinsi alivyopaa. Mimi nilisumbuliwa na jambo lingine.

"Babu, ukisharuka, ulikuwa unaangukia wapi?"

Akanitazama kana kwamba swali hilo alilingoja miaka mingi. Akachota mchanga, akaunusa.

"Kwa mchanga. Kama huu tu, lakini mkavu."

Akanipa ncha moja ya kamba ya mbuzi, ya pili akaifunga kwenye nguzo ya ua. Ilinifika kifuani. Nyanya akatoka jikoni, mwiko mkononi.

"Mzee, hizo magoti ziko na ruhusa ya nani?"

Babu alivua akala zake za matairi, akarudi nyuma hadi getini, akaja mbio. Kamba haikutikisika hata kidogo mkononi mwangu. Nilisikia tu mchanga ukisema pu!

Kesho yake asubuhi fundi alipofika na koleo la kuchotea mchanga, Nyanya alikuwa amemtangulia, amesimama kando ya alama mbili za visigino vya Babu.

"Fundi," akasema, "leo anza na upande ule mwingine."