Saba Mbili za Shangazi

Shangazi yangu alikaa miaka ishirini na sita kwenye chumba cha simu cha hospitali, akiunganisha watu wasioonana. Alijua sauti ya kila daktari na ugomvi wa kila wodi. Mimi, mpimaji wa maabara hapohapo, nilimwogopa kuliko mganga mkuu.

Kompyuta zikaletwa. Mtambo wake wa simu uling'olewa, naye akaambiwa Jumatatu ahamie stoo ya blanketi. Siku nzima alikuwa akiifuta vumbi meza iliyobaki tupu. Roho iliniuma.

Ijumaa fundi wa mtandao alikuwa anatokwa jasho. Kompyuta zote zilikuwa zinawasiliana vizuri isipokuwa yangu. Mara majibu yanafika kwa daktari, mara yanapotelea njiani. Alikuwa amebadilisha waya mara tatu shangazi alipokuja kusimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mwanangu, hizi mashine zinajuanaje?"

"Kwa namba, mama. Kila moja na yake. Nimefuata namba za milango ili nisichanganye. Maabara ni mlango wa saba, basi na kompyuta yake nimeipa saba."

Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta.

"Saba ipi? Hapa tuna saba mbili! Hii, na chumba cha kufulia kule jengo jipya. Walipolijenga wakaanza kuhesabu upya. Mwaka mzima nilisemwa mimi: daktari anauliza damu, anajibiwa mashuka hayajakauka!"

Tulikimbia kufulia. Kweli bwana, kompyuta ya mashuka, ya pekee jengo lile, ilikuwa imewashwa, inagombania namba na yangu. Fundi akaipa namba nyingine, na majibu yangu yote yakafika.

"Utu uzima dawa," fundi alimwambia mganga mkuu. "Mimi kesho naondoka. Mwachieni huyu mama mtandao. Mambo ya waya nitamfundisha leo. Hiyo milango yenu hakuna wa kunifundisha ila yeye."

Mganga mkuu alikuna kichwa, akakubali. Blanketi zikatafutiwa mtu mwingine.

Jumatatu shangazi alikaa chumba kilekile cha simu, mbele ya kompyuta. Nikamwandikia kutoka maabara: "Shangazi, unanipata?"

Jibu lilichukua muda, maana alikuwa anatafuta herufi mojamoja.

"Nakupata, endelea. Ila umeanza lini kuniita bila shikamoo?"

Nikaandika shikamoo huku nacheka, machozi yananitoka.